Pumzi ya Koch: Saksafoni, jaa la Dandora na mlezi aliyekuwa pia mwanafunzi

Gitaa unaweza kulipiga ukiwa na mafua. Kinanda unaweza kukipiga ukiwa umechoka hadi macho yanajifunga yenyewe. Saksafoni haina huruma hiyo. Ukikosa pumzi, ulichoshika ni bomba la shaba lenye vitufe vingi, basi.

Sasa mfikirie kijana anayetaka kujifunza saksafoni Korogocho, au Koch kama wenyewe wanavyopaita. Ng'ambo ya Mto Nairobi kuna jaa la taka la Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lina ukubwa wa takriban ekari 30, na kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Hadi leo malori bado yanamwaga. Taka zikiwaka, na huwaka sana, moshi hauulizi nani ana mazoezi leo.

Hili si lalamiko la mtaani tu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, pale Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu jaa hilo. Watoto 328 wa kati ya miaka 2 na 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa walipimwa. Karibu nusu yao walikuwa na magonjwa ya njia ya kupumua. Nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kinachofika au kupita kile ambacho wataalamu walisema ni lazima hatua ichukuliwe. Udongo nao ulipimwa, ukiwemo wa uwanja wa shule ya St John iliyo Korogocho.

Na sasa ndio inakuja ile sehemu ambayo watu wengi nje ya Eastlands hawaijui. Kwenye eneo hilo hilo la kanisa la St John, kwenye hewa hiyo hiyo, ndiko unakoweza kuwasikia vijana wa mtaa wakipuliza tarumbeta, tromboni, klarineti na saksafoni. Wanapiga Mozart. Halafu wanapiga benga. Halafu wanapiga jazi.

Hiyo ndiyo Ghetto Classics. Na hadithi ya saksafoni pale haiwezi kusimuliwa bila kumtaja mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Koch, hakuishi Koch, na wala hakuwa mwanamuziki wa kulipwa.

Ilivyoanza

Ghetto Classics ilianza 2008. Padre John Webootsa, mmisionari wa Comboni aliyekuwa akihudumu Korogocho na ambaye pia alipigania sana suala la jaa la Dandora, alitaka vijana wa parokia yake wapate kitu cha maana cha kufanya. Elizabeth Njoroge, mpenzi mkubwa wa muziki wa klasiki na mwanzilishi wa Art of Music Foundation, akaitikia. Walianza na watoto wachache na vyombo vya kuhesabu kwa vidole.

Kumbuka huo ulikuwa mwaka gani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ndio zilikuwa zimepita, na mitaa ya Eastlands ilikuwa bado na majeraha. Kuwaketisha vijana wa jamii tofauti kwenye mistari ya okestra, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupiga, halikuwa jambo dogo. Kwenye okestra huwezi kupiga peke yako ukashinda. Ukimpita mwenzako mbio, wote mnasikika vibaya.

Kutoka kwa hao wachache, mradi ukakua hadi kufikia mamia ya watoto, ukavuka Koch ukaingia mitaa kama Huruma na Mukuru, na hata ukafika Mombasa. Mtoto akishajua kusoma noti na kushika chombo vizuri, mlango mwingine unafunguka: Okestra ya Vijana ya Taifa, ambayo pia iko chini ya Art of Music Foundation. Mle ndani kijana wa Koch anaketi kiti kimoja na wa Lavington, na kinachoamua nani ni nani ni sauti inayotoka kwenye chombo.

Kwa nini saksafoni ni ngumu mtaani

Kabla ya kumfikia mlezi, tuelewane kuhusu chombo chenyewe.

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji anayeitwa Adolphe Sax, aliyeisajili kama uvumbuzi wake huko Paris mwaka 1846. Imetengenezwa kwa shaba, lakini sauti yake haizaliwi kwenye shaba. Inazaliwa kwenye kijiti chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa chombo, wanamuziki wanakiita ridi. Ukipuliza, ridi inatetemeka, mtetemo unaingia kwenye bomba, vidole vinafunga na kufungua matundu, na sauti inatoka.

Ridi ndiyo kero. Inachakaa, inapasuka, inabadilika kulingana na hali ya hewa, na lazima ununue nyingine. Saksafoni yenyewe, hata ile ya wanaoanza, ni maelfu mengi ya shilingi, na kwa familia inayolipa kodi ya chumba kimoja hiyo ni kodi ya miezi mingi sana. Pedi zinazofunga matundu nazo zinahitaji fundi anayejua kazi, na mafundi hao jijini ni wa kutafuta.

Halafu kuna kelele. Anayejifunza saksafoni, miezi ya kwanza, anatoa sauti kama mbuzi aliyefungiwa kwenye mvua. Ukiishi kwenye ploti ya mabati ambapo jirani anasikia hata ukikoroga chai, utafanyia mazoezi wapi? Mama mtoto wa chumba cha pili atabisha. Landilodi atakuja. Ndugu zako wadogo watacheka hadi walie.

Kwa hiyo kijana wa Eastlands anayetaka kupiga saksafoni anahitaji kitu zaidi ya kipaji. Anahitaji chombo ambacho si chake lakini anaweza kukitegemea kiwepo kesho. Anahitaji mahali ambapo anaruhusiwa kupiga vibaya. Na anahitaji mtu mzima mmoja anayeamini kwamba ule mlio wa mbuzi utageuka kuwa muziki.

Bosi mwenye saksafoni

Bob Collymore alizaliwa Guyana mwaka 1958 na kulelewa na nyanya yake. Akiwa na umri wa miaka 16 alihamia Uingereza. Novemba 2010 aliingia ofisini kama Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom, akichukua nafasi ya Michael Joseph. Wengi wenu mnamkumbuka kwa M-Pesa, faida za mabilioni na mikutano na wanahabari.

Lakini Collymore alikuwa mtu wa jazi. Hakuishia kusikiliza tu kwenye gari akienda kazini. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi kubwa kuliko nyingi nchini, na bado akachukua saksafoni na kuanza kujifunza kuipiga.

Simama kidogo hapo. Saksafoni haijali cheo chako. Ridi haijui kwamba wewe ni CEO. Mtu mzima anayeanza saksafoni anapitia aibu ile ile anayopitia mtoto wa darasa la sita: midomo inauma, vidole vinachanganyikiwa, sauti inapasuka katikati ya noti rahisi. Kwa hiyo Collymore alipokuwa karibu na vijana wa Ghetto Classics, kulikuwa na jambo moja ambalo pesa haiwezi kununua. Alijua ugumu wa kile walichokuwa wakijaribu kufanya, kwa sababu naye kilikuwa kinamshinda na kumshinda tena kabla hakijakubali.

Mwaka 2014 Safaricom ikaanzisha tamasha la kimataifa la jazi jijini Nairobi, Safaricom International Jazz Festival. Wakapanda jukwaani magwiji kutoka Afrika na ng'ambo, na mapato ya tiketi yakaelekezwa kwa Ghetto Classics. Hiyo ilimaanisha vyombo, walimu na nafasi.

Lakini pesa ilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba Ghetto Classics yenyewe ilipewa jukwaa kwenye tamasha. Haikuwekwa pembeni ya hema la chakula ili wafadhili wapige nayo selfi. Ilipanda jukwaa lile lile, mbele ya umati ule ule uliolipa kuwaona magwiji. Kijana aliyefanya mazoezi Koch wiki nzima anakaguliwa na masikio yaliyokuja kusikia wataalamu. Anaogopa, ndiyo. Ila siku hiyo anajua yeye ni mwanamuziki, hayuko pale kama mtoto wa kuhurumiwa.

Jazi haikuletwa Eastlands na mzungu wa tamasha

Kuna watu husema jazi ni muziki wa watu wa Westlands wanaokunywa divai na kutikisa kichwa polepole. Hao hawajui historia ya mitaa yao.

Kwa Afrika Mashariki, neno "jazz" lilikuwa letu kabla hujazaliwa, na pengine kabla babako hajazaliwa. Uliza wazee kuhusu Kilwa Jazz na Morogoro Jazz za Tanzania, au Shirati Jazz na Victoria Jazz za huku kwetu. Nyingi za bendi hizo hazikupiga jazi kama ya New York. Zilipiga rumba, benga na dansi. Lakini zilijiita Jazz kwa sababu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, ya watu wanaojua kuvaa na kuchezesha ukumbi.

Na kumbi zilikuwa Eastlands. Pumwani Memorial Hall. Ukumbi wa Kaloleni, kwenye mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Watu wa reli, makarani na askari waliorudi kutoka vitani walikuja kucheza dansi. Fundi Konde, mmoja wa majina makubwa ya muziki wa enzi hizo, alikuwa amepitia kitengo cha burudani cha jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mtaa haujawahi kukauka tangu hapo. Dandora ikatoa Kalamashaka. Mtaa wa California, Eastleigh, ukatoa Calif Records, ambako Clemo na Jua Cali walitengeneza genge. Umoja ikatoa Ethic, waliolipuka 2018 na kuwasha moto wa gengetone. Ukiangalia vizuri, kila wimbi lina mtu mmoja mwenye vifaa na subira aliyewaambia wengine: ingia, kaa, jaribu. Clemo alikuwa hivyo. Mlezi si kitu kigeni kwetu. Kilicho kigeni ni mlezi wa saksafoni.

Monk alipotoka jukwaani

Ili uelewe mlezi mzuri wa mpiga saksafoni anafanya nini hasa, kuna visa viwili vya kweli ambavyo kila kijana anayepiga chombo anafaa kuvijua.

Cha kwanza ni cha John Coltrane. Leo jina lake ni kama la mtakatifu kwenye jazi, lakini Aprili 1957 alikuwa ametimuliwa kwenye bendi ya Miles Davis. Sababu ilikuwa heroini. Alikuwa na miaka 30, ana kipaji, na maisha yanamponyoka. Akarudi nyumbani Philadelphia akapambana na uraibu hadi akaushinda.

Mwaka huo huo mpiga piano Thelonious Monk akamchukua. Coltrane alikuwa akienda nyumbani kwa Monk asubuhi, wakati mwingine akimtoa kitandani. Monk anaketi kwenye piano, anapiga wimbo wake, Coltrane anafuata kwa saksafoni. Akikwama, Monk anarudia. Hakuna mhadhara. Wanarudia hadi iingie. Kisha usiku wanapiga pamoja katika kilabu cha Five Spot, New York, kwa miezi kadhaa.

Na hapo Five Spot ndipo Monk alifanya jambo la ajabu. Katikati ya wimbo alikuwa akiinuka kwenye piano na kuondoka, akacheza densi kando au kwenda kupata kinywaji, akamwacha Coltrane na besi na ngoma peke yao, dakika 15, wakati mwingine 20. Huna piano ya kukushika mkono. Tafuta njia.

Mwezi Novemba 1957 walirekodiwa wakiwa Carnegie Hall. Kanda hizo zilipotea kwa karibu nusu karne, zikapatikana 2005 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Zisikilize. Utamsikia mtu ambaye miezi michache kabla alikuwa amefukuzwa kazi, sasa anaruka.

Cha pili kiko karibu na kwetu. Manu Dibango wa Cameroon alipelekwa Ufaransa mwaka 1949 akiwa kijana mdogo, akiwa amebeba kilo tatu za kahawa za kusaidia kulipia malezi yake huko. Baadaye kitabu chake cha maisha kikaitwa kwa kahawa hiyo. Huko akaangukia saksafoni, na rafiki yake Francis Bebey, kijana Mcameroon mwenzake, akamfungulia dunia ya jazi. Kwa hiyo mlezi wako wa kwanza anaweza kuwa msee wa rika lako.

Kisha akakutana na Joseph Kabasele, Le Grand Kallé, kiongozi wa African Jazz ya Kongo, huko Brussels. Kallé tayari alikuwa nyota. Dibango alikuwa mpiga muziki wa kilabu. Kallé akamwingiza studio, na mwaka 1961 akamchukua hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Dibango alienda kama mgeni wa muda mfupi, akabaki hadi 1963. Alikuwa Mwafrika aliyejifunza muziki wake Ulaya, na ni Kallé aliyemrudisha Afrika ili saksafoni yake ipate lafudhi. Mwaka 1972 akatoa "Soul Makossa", wimbo ambao dunia nzima ilicheza na ambao Michael Jackson baadaye aliuchotea kitu. Dibango alifariki Ufaransa Machi 2020 kwa Covid-19, akiwa na miaka 86.

Ukiweka visa hivi karibu na kile cha Koch, unaona kitu kinachofanana. Monk hakumfundisha Coltrane kushika saksafoni. Kallé hakuwa mpiga saksafoni kabisa, alikuwa mwimbaji. Na Collymore hakuwa mtaalamu. Walichotoa ni nafasi. Walimweka kijana mahali ambapo alilazimika kukua, wakakaa karibu vya kutosha asianguke vibaya, kisha wakapisha.

Julai 2019

Oktoba 2017 Collymore aliondoka kazini kwa likizo ya matibabu, akarudi Julai 2018. Alikuwa na saratani ya damu. Tarehe 1 Julai 2019 akafariki nyumbani kwake Nairobi akiwa na miaka 61. Mwili wake ulichomwa kesho yake, na ibada ya kumbukumbu ikafanyika All Saints Cathedral. Ghetto Classics walipiga muziki pale. Vijana kutoka kando ya jaa, ndani ya kanisa lililojaa mawaziri na wakurugenzi wa kampuni, wakimuaga kwa kitu alichokipenda.

Huo ulikuwa wakati wa machozi. Pia ulikuwa wakati wa swali gumu, na swali hilo ndilo linalofanya hadithi hii isiwe tu ya kusifu marehemu.

Eastlands imezoea wageni wa siku moja. Wanakuja na kamera, fulana zilizochapishwa na bango. Wanapiga picha na watoto, wanatoa vyombo viwili vitatu, wanaondoka. Baada ya miezi sita bango limefifia, gitaa halina nyuzi, na kijana aliyeahidiwa masomo yuko mjengo akibeba mawe. Ukiishi mtaani muda mrefu unajifunza kutomwamini mtu anayekuja na tabasamu kubwa sana.

Sasa hapa kulikuwa na mlezi mwenye uzito wa ajabu, mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote nchini, ambaye kwa bahati alipenda saksafoni. Je, asingeipenda? Angependa gofu? Ni haki kweli kwamba pumzi ya mamia ya vijana iegemee kwenye kile ambacho bosi mmoja anapenda kusikiliza jioni? Na akiondoka, kama alivyoondoka, nani ananunua ridi?

Halafu mwaka uliofuata, 2020, corona ikaja. Kumbi zikafungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kupuliza chombo chumbani na watu wengine kukawa ni hatari kwa afya. Kwa wapuliza saksafoni ilikuwa kama dunia nzima imegeuka jaa la Dandora: pumzi ya jirani yako ni hatari.

Kilichobaki

Ukitaka kujua kama mlezi alifanya kazi nzuri, usiangalie siku alizokuwepo. Angalia siku baada ya yeye kuondoka.

Na kule Koch kuna jambo moja ambalo lilijengwa tangu mapema na ambalo halimtegemei bosi yeyote. Wanafunzi waliokomaa wanawafundisha wadogo. Aliyeingia akiwa hajui noti hata moja, miaka kadhaa baadaye ndiye anayesimama mbele ya darasa, anamshika mtoto vidole na kumwonyesha pa kuviweka. Baadhi wamepata riziki kwa kufundisha hivyo, kwenye mradi wenyewe na shuleni.

Fikiria hiyo inamaanisha nini kwa mtoto wa miaka 10. Mwalimu wake wa saksafoni hakutoka ng'ambo na wala hakuja na gari lenye dereva. Anaishi Kariobangi au Korogocho, wanapanda matatu moja, anajua maji yakikosa ni wapi pa kuteka. Mtoto anamwangalia na kusema moyoni: kumbe inawezekana, huyu ni wa hapa hapa.

Collymore na wenzake waliweka pesa na jukwaa. Lakini mnyororo unaobeba muziki kutoka mkono hadi mkono ni wa vijana wenyewe. Mfadhili anaweza kubadilisha mawazo, kampuni inaweza kupata mkuu mpya anayependa kitu kingine. Kijana wa Koch aliyejua kupiga skeli zote za alto hawezi kunyang'anywa hizo skeli na mtu yeyote.

Hilo halimwondolei mtu jukumu. Serikali ya kaunti haiwezi kukaa ikisubiri mpenzi wa jazi mwingine azaliwe Guyana. Kumbi za mitaa ziko: Kaloleni, Makadara, Pumwani. Na lile jaa bado linafuka. Kuwasifu vijana kwa kupuliza saksafoni kando ya moshi wenye sumu ni vizuri. Kuuondoa huo moshi ni vizuri zaidi.

Kama unataka kuanza

Labda umesoma hadi hapa kwa sababu wewe mwenyewe una hamu. Basi haya machache.

Usikimbilie kununua saksafoni. Wengi hununua ya bei poa mtandaoni, vitufe vinalegea baada ya mwezi, wanakata tamaa wakidhani shida ni wao. Tafuta kwanza mahali penye vyombo vya kuazima: programu za muziki mtaani, bendi za makanisa, bendi za shule. Jeshi la Wokovu, kwa mfano, limejulikana kwa bendi za kupuliza tangu zamani.

Anza na sauti ndefu. Noti moja, pumzi moja, ishike bila kutetemeka, hesabu. Dakika kumi kila siku. Haipendezi kuitazama na haitakupa likes TikTok, lakini ndio msingi. Sikiliza sana pia. Simu uliyonayo mkononi ina Coltrane wa 1957 na Dibango wa 1972, na bando la usiku linatosha.

Kisha tafuta mlezi. Usimtafute wa kukufanya staa. Akikuahidi ustaa wiki ya kwanza, au akianza kudai pesa ya "kukuunganisha", toka mbio. Mtafute yule anayefika kwa wakati, anayekusikiliza ukikosea bila kucheka, na ambaye siku moja atakuachia wimbo katikati uumalize mwenyewe. Anaweza kuwa mzee wa bendi ya zamani anayeketi tu nje ya nyumba yake Jericho. Anaweza kuwa dada aliyekutangulia miaka miwili tu.

Na ukishajua noti tano, kuna mtoto kwenye ploti yenu ambaye anajua sifuri. Mwite.